Kiingilio: Kopo la Maharage

Iowa City, mji wa katikati ya Marekani, haukosi mwandishi. Chuo kikuu chake kilianzisha mafunzo maarufu ya utunzi mwaka 1936, mwandishi wetu Taban lo Liyong akapitia hapo na kupata shahada mwaka 1968, na mwaka 2008 UNESCO ikautangaza kuwa Mji wa Fasihi. Anayekuja kukuzibulia sinki ana hadithi zake kabatini. Anayekumiminia kahawa yuko sura ya mwisho ya riwaya. Basi hapa mtu akitaka kuchangisha fedha za wenye njaa, hasumbuki kutafuta bendi. Anawaita waandishi wa mjini waje kusoma.

Mimi ni mtu wa Tanga, na kwenye vitabu sina langu ila kuvisoma. Jumamosi hujitolea katika kituo kinachogawa chakula bure. Wananipendea lugha: familia nyingi za Wakongo zimehamia sehemu hizi, na Kiswahili changu cha Tanga na chao cha Bukavu au Lubumbashi vinaelewana, japo tunachekana kidogo. Kwa hiyo shughuli hizi nimezijua kotekote, kwenye kiti usiku wa kusoma na kwenye meza ya kugawa michango ikishafika.

Marekani nako kuna njaa? Kuna. Takwimu za serikali za mwaka 2023 zilionyesha kuwa asilimia 13.5 ya kaya zilipata taabu, wakati fulani wa mwaka huo, kupata chakula cha kutosha. Maduka yamejaa pomoni. Kinachokwisha ni pesa, kodi ya nyumba ikishatoka. Wengi ninaowaona kwenye foleni wametoka kazini moja kwa moja, sare bado mwilini.

Usomaji wenyewe hauna makuu. Duka la vitabu linatoa nafasi, viti vya kukunja vinapangwa katikati ya rafu, waandishi watatu au wanne wanasoma, kila mmoja kama robo saa, bila kulipwa. Kiingilio ni dola chache au kopo la chakula, na sanduku la kadibodi liko pale mlangoni. Mwenye jina kubwa husoma mwisho ili watu wasiondoke mapema, hila ambayo hata waandaaji wa taarabu wanaijua. Baadaye vitabu vinauzwa na kutiwa saini, na mwenye duka akiwa na moyo anatoa sehemu ya mauzo.

Nilimsikia mzee mmoja akisoma juu ya mazishi ya baba yake. Akafika kwenye vyakula walivyoletewa na majirani, akavitaja polepole kimoja kimoja, na ikawa kila jirani kaleta saladi ya viazi. Watu walicheka hadi akalazimika kusimama. Juu ya njaa hakusema neno, wala hakuombaomba. Lakini wakati wa mapumziko lile sanduku lilizungukwa. Nimewahi pia kukaa kwenye mkutano wa kueleza tatizo la njaa, wenye picha na michoro ukutani. Tulikuwa watu tisa, na wanne kati yetu ni wa kituo.

Desturi hii ina umri. Mwishoni mwa Desemba 1853, Charles Dickens alisoma *A Christmas Carol* katika ukumbi wa mji wa Birmingham, Uingereza, kuchangia chuo cha elimu ya watu wazima. Usiku wa kwanza alisoma kwa muda wa kama saa tatu. Usiku mmoja aliutaka uwe wa wafanyakazi, kwa kiingilio cha chini kabisa, na akaupata. Marekani msukumo mmoja ulikuwa njaa ya Ethiopia. Mwaka 1984 Bill Shore na dada yake Debbie walianzisha shirika la Share Our Strength, mtaji ukiwa dola 2,000 zilizokopwa kwa kadi ya benki. Wazo lao: usimwombe mtu pesa tu, mwombe na ujuzi wake. Wapishi wakapika, waandishi wakatoa hadithi zikakusanywa vitabuni, na katika miaka ya 1990 kukawa na Writers Harvest, ambapo waandishi walisoma kwenye maduka ya vitabu na vyuo sehemu mbalimbali za nchi kwa ajili ya wenye njaa.

Sasa nirudi kwenye sanduku, maana nina ugomvi nalo. Mtu akiambiwa alete kopo, anakwenda kabatini na kuchukua ambalo kwake halina mlaji. Ndiyo maana Jumamosi naletewa mchuzi wa matunda mekundu uliobaki tangu sikukuu, na boga lililosagwa la kutengenezea keki. Mama mmoja wa Bukavu aliligeuzageuza kopo la boga mkononi.

“Dada, humu kuna nini?”

“Boga, mama.”

“Boga tu? Na majani yake wameyaweka wapi?”

Akalirudisha mezani kwa adabu, akauliza kama kuna unga, mchele, maharage au mafuta. Vilikuwepo, lakini kidogo. Na kila kopo lazima tulishike: tusome tarehe, tutazame kama limevimba au limebonyea kwenye mshono, kisha tulipange. Kumbe dola moja taslimu haihitaji kupangwa. Feeding America, mtandao wa benki za chakula zaidi ya 200, husema dola moja husaidia kutoa angalau milo kumi, kwa sababu benki hizo hununua kwa jumla na hupewa na wakulima na viwanda chakula ambacho kingetupwa. Nimewaomba waandaaji waandike mlangoni bei ya gunia la mchele, na waliolikubali wazo hilo hawakujuta.

Pesa hizo hazimalizi umaskini, na mwandishi anayejidanganya hivyo huwa anasoma vibaya vilevile. Zinanunua mchele wa mwezi huu.

Kwetu Afrika Mashariki njia ya kuchangishana pesa tayari ipo. Mwaka 2011 ukame ulipoibana Turkana, Wakenya walichangishana hata kwa simu katika kampeni ya Kenyans for Kenya, wakalipita lengo la shilingi milioni 500. Washairi nao Tanga hatuna upungufu. Wapo wanaoghani arusini kwa sahani ya pilau. Ningeuandaa usiku wa kusoma kama ule wa Iowa City, ningewapa robo saa kila mmoja, namba ya kuchangia ningeibandika ukutani kwa maandishi makubwa, na mchango ningeuomba kabla ya msomaji wa mwisho, watu wakiwa bado wamekaa. Mgeni rasmi nisingemwalika. Hotuba yake peke yake ingekula zamu ya washairi watatu.