Zaka imtoe mtu katika foleni



Usiku wa Aprili 19, 2023, siku mbili kabla ya sikukuu ya Idd el Fitr, mamia ya wakazi wa mji wa Sana'a nchini Yemen walijazana katika shule moja ambako wafanyabiashara walikuwa wakigawa sadaka. Kila mmoja alitarajia kupata riali 5,000, kiasi kisichofika dola 10 za Marekani. Msukumano ulipotulia, watu wasiopungua 78 walikuwa wamekwisha fariki. Katika Ramadhani ya mwaka 2008, wanawake 21 walikufa vivyo hivyo katika mji wa Pasuruan, Indonesia, wakisubiri zaka nje ya nyumba ya tajiri. Fungu la kila mmoja lilikuwa rupia 30,000, yaani kama dola tatu.

Inna lillahi wa inna ilaihi raajiun. Hatuna haja ya kuwalaumu waliotoa, kwani walikusudia kheri. Lakini yafaa tujiulize: hata kama kila mtu angerudi nyumbani salama na fungu lake, hali yake ingekuwaje baada ya siku tatu?

Yemen hiyo hiyo ndiko Mtume (S.A.W.) alikomtuma Sahaba wake Muadh bin Jabal, akimwagiza kwamba zaka ichukuliwe kwa matajiri wa watu wale na irudishwe kwa mafukara wao. Abu Ubayd, katika kitabu chake kuhusu mali ya umma, amepokea kwamba zama za Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), Muadh alipeleka Madina theluthi ya zaka ya Yemen. Umar alimkemea, kwa kuwa hakumtuma kukusanya kodi. Muadh akajibu kuwa hakupata mtu wa kuipokea. Mwaka wa pili akapeleka nusu, na wa tatu akapeleka yote. Kwa hiyo zaka iliyotolewa kwa utaratibu iliweza kuwamaliza wenye kuihitaji katika nchi ambayo leo watu wake wanakanyagana kwa ajili ya riali 5,000. Tusisahau pia kwamba vita vya tangu mwaka 2014 vimeidhoofisha mno nchi hiyo; zaka peke yake haizuii bunduki.

Masikini wapewe kiasi gani, basi? Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) amelieleza suala hili kwa urefu katika Al-Majmu'. Mwenye ufundi, kama vile mshonaji au seremala, hupewa kiasi cha kununulia vyombo vya kazi yake. Mfanyabiashara hupewa mtaji kwa kadiri ya biashara yake: muuza mboga dirham chache, na muuza vito dirham elfu kadhaa. Asiyeweza kazi yoyote hupewa kitakachomtosha umri wake, kwa mfano kununuliwa milki ambayo pato lake litamlisha. Wapo wanazuoni waliosema apewe cha kumtosha mwaka mmoja. Sikuona miongoni mwao aliyesema apewe nauli ya kurudi kwake.

Jambo hili limejaribiwa katika zama zetu. Mwaka 2002 shirika la BRAC la Bangladesh lilianza kuwapa wanawake mafukara kabisa ng'ombe au mbuzi, posho ya chakula kwa muda, mafunzo na mtu wa kuwatembelea mara kwa mara, kwa takriban miaka miwili. Mpango wa namna hiyo ulipopimwa katika nchi sita, zikiwemo Ethiopia, Ghana na Pakistan, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionesha kuwa familia zilikula vizuri zaidi na kumiliki zaidi, hata mwaka mmoja baada ya msaada kukoma. BRAC si taasisi ya zaka, lakini mwenye kumsoma Nawawi ataitambua njia hiyo.

Nao wahitaji bado ni wengi. Benki ya Dunia, iliyopandisha kipimo chake cha ufukara uliokithiri kuwa dola 3 kwa siku mwaka 2025, inakadiria kuwa watu wapatao milioni 800 wako chini ya hapo, na wengi wao wako Afrika, kusini mwa Sahara.

Tutazame milango ya maduka yetu siku kama ya leo, Ijumaa. Foleni ya sarafu tunaijua, na baadhi ya wazee tuliwaona hapo tangu tukiwa watoto. Tuseme jamaa kumi wa msikiti mmoja wana akiba ya shilingi milioni 10 kila mmoja, iliyofikia nisabu na kutimiza mwaka. Zaka yao, asilimia mbili na nusu, ni shilingi milioni mbili na nusu. Wakiigawa shilingi elfu tano tano watapata watu 500, na mwakani watakuwa walewale 500. Wakiiweka pamoja, wanaweza kumnunulia mjane mmoja cherehani na vitambaa vya kuanzia, na mwingine mbuzi, kisha wawafuatilie.

Wa kupewa huenda hayumo kwenye foleni. Qur'ani Tukufu (2:273) inawataja mafukara ambao asiyewajua huwadhania kuwa ni matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Hao hujulikana na jirani, mwalimu wa madrasa na akina mama wa mtaa, kwa hiyo orodha ianzie kwao.

Ama kuwasaidia wa mbali, wafuasi wa Imam Shafi, ambao ndio wengi katika pwani yetu, hufundishwa kwamba zaka haihamishwi maadamu wapo wanaoistahiki mahali ilipo. Wanazuoni wa Kihanafi wameruhusu ipelekwe penye dhiki kubwa zaidi. Mwenye shaka amwulize shekhe wake. Sadaka haina mpaka huo, nayo inaweza kufika Sana'a hata kabla ya Ramadhani.