Kapu wa Naivasha na mishale ya mpwa wangu

Jumamosi moja ya likizo ya Agosti dada yangu alinipigia simu kutoka Uthiru, sauti ikimtetemeka. Mwanawe wa miaka 14 alikuwa ametoka nyumbani alfajiri akiwa na uta alioutengeneza mwenyewe kwa fito na uzi wa nailoni, pamoja na mishale mitatu. Ncha za mishale hiyo zilikuwa spoki za baiskeli, zimesuguliwa kwenye saruji hadi zikachongoka. Mdogo wake aliachiwa ujumbe mfupi tu: anakwenda kuvua samaki.

Nilimkuta saa nne kando ya chimbo la mawe lililoachwa, yeye na wenzake wawili, wamevua viatu na kukunja suruali. Msomaji, kama hujawahi kuyatazama maji ya mashimo hayo, jua kwamba kingo zake zimekatwa wima kama ukuta. Hatua moja maji yako magotini, hatua ya pili hukanyagi kitu. Watoto wamezama katika mashimo ya namna hiyo pembezoni mwa jiji letu, na mara nyingi walikuwa wakicheza tu. Sikumpiga wala sikumfokea. Nilimuuliza, "Nani aliyekwambia humu mna samaki?"

"Hatujui kama wamo, mjomba," akajibu. "Ndiyo tulikuwa tunaangalia."

Njiani kurudi akanieleza. Kwenye simu ya mamake alikuwa ameona Wamarekani wakisimama juu ya mashua usiku, taa zimewashwa, wakiwachoma kwa mshale samaki wakubwa wa rangi ya dhahabu iliyofifia. Samaki hao kwa Kiingereza huitwa carp. Hapa nitawaita kapu, na msomaji asidhani nazungumzia kapu la sokoni. Huko Marekani majimbo mengi humruhusu mtu mwenye leseni kuwapiga kwa mshale, kwa kuwa kapu ni mgeni aliyeletwa kutoka ng'ambo na huharibu maji ya wenyeji. Mshale wake ni mzito, hauna manyoya, na umefungwa kamba ili mvuvi aweze kumvuta samaki.

Tukapatana hivi: uta ukae kwangu, nami nimtafutie mahali penye vitu vitatu kwa pamoja, yaani maji, samaki na ruhusa. Nilidhani ni kazi ya siku moja. Ilinichukua muda wote uliobaki wa likizo.

Kwanza nilianza na maji ya karibu. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri, pale Kikuyu, si mbali na Uthiru. Lakini Ondiri si bwawa la kutembelea ukingoni. Juu ya maji kumetanda zulia la majani na mizizi, na ukilikanyaga unahisi ardhi ikitikisika chini yako. Aidha, mto wenyewe ukishateremka kuelekea jijini hubeba maji machafu ya mitaro na vyoo, na hata kama samaki angepatikana humo, nisingekubali aingie katika sufuria ya dada yangu. Bwawa la Nairobi karibu na Kibera nalo lina historia ya kusikitisha. Lilijengwa mwaka 1953, na wazee wanakumbuka mashua za tanga zikielea pale na watu wakitupa ndoano. Baadaye magugumaji na uchafu vilifunika maji yote.

Yako pia mabwawa ya Ruiru, Sasumua na Ndakaini, lakini hayo ndiyo yanayotunywesha sisi wakazi wa jiji, na si mahali pa mtu kujiingilia na mishale. Katika bwawa moja dogo la umma ambalo sitalitaja, mlinzi aliutazama uta niliokuwa nimeuchukua ili nimwonyeshe, akacheka hadi akakaa chini. "Mzee," akasema, "wewe unatafuta samaki au unatafuta kesi?"

Kwa hakika swali lake lilikuwa la maana. Uwindaji wa wanyama pori ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na tangu hapo mtu mwenye uta na mishale karibu na hifadhi huwa na maelezo mengi ya kutoa. Samaki wana sheria yao. Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi ya mwaka 2016 ilichukua nafasi ya ile ya zamani, Sura ya 378. Inakataza baruti, sumu na umeme, na hata mtu anayevua kwa burudani tu anatakiwa awe na leseni. Pwani nako bunduki za mikuki zilipigwa marufuku mwaka 2001, pamoja na nyavu za kukokota. Isitoshe, samaki aliyenaswa kwa ndoano akionekana ni mchanga unaweza kumrudisha majini akaenda zake. Aliyechomwa mshale humrudishi popote.

Wiki ya pili nilimchukua kijana tukaenda Naivasha, takriban kilomita 80 kutoka Uthiru. Uta tuliuacha nyumbani, kwa sababu ziwa hilo limepakana na wanyama pori na mbuga ya Hell's Gate haiko mbali. Nilitaka amwone kapu kwa macho yake.

Ziwa Naivasha, msomaji, limejaa wageni kuliko hoteli. Samaki aina ya besi aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya wazungu waliopenda kuvua kwa burudani. Kamba wa maji baridi akaletwa mwaka 1970. Kapu yeye hakualikwa na mtu. Inaaminika alitoroka kutoka mabwawa ya kufugia samaki wakati wa mafuriko, akateremka na mto Malewa, na kufikia mwaka 2001 alikuwa akionekana katika nyavu. Mwaka huo huo uvuvi ulisimamishwa ziwani kwa sababu samaki walikuwa wamepungua mno. Uliporudi, mgeni huyu alikuwa akiongezeka kwa kasi, na katika miaka michache tu ndiye aliyejaza nyavu kuliko samaki mwingine yeyote. Hula kwa kuchimbua matope, na maji yaliyotibuka ambayo humsumbua besi, yeye hayamsumbui.

Ufuoni Kamere kijana alimshika mmoja kwa mikono miwili. Alikuwa mzito, magamba mapana kama sarafu za zamani, na masharubu mafupi kando ya mdomo. Mvuvi mmoja alimsikiliza akieleza habari za uta, kisha akamwonyesha kwa kidole mawimbi madogo penye matete. "Yule ni kiboko," akasema. "Na yeye hupenda pale pale penye maji machache ambapo wewe ungesimama na mishale yako." Kijana hakusema neno hadi tulipofika Kimende.

Nilimweleza pia juu ya Gatamaiyu, katika msitu wa kusini mwa Aberdare, ambako watu huvua trauti kwa ndoano na leseni. Mahali pale ni pazuri kwa familia na pana baridi ya kutosha kukufanya ulipende blanketi. Lakini trauti si kapu, na ndoano si mshale. Akanisikiliza kwa adabu tu.

Jibu lilitoka kwa mzee mmoja wa kule Kikuyu, rafiki wa marehemu baba yetu. Alichimba bwawa wakati ule serikali iliposambaza ufugaji wa samaki kwa mpango wa kufufua uchumi wa mwaka 2009, uliokusudia mabwawa 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140 yaliyochaguliwa. Mengi yalikauka baadaye, wengine wakayafukia na kupanda sukumawiki. Lake lilibaki, na ndani yake mlikuwa na ngege pamoja na kapu wachache aliowatia bila kufikiri sana. Sasa wanamchimbulia kingo na kumtibulia maji, naye anataka watoke. Nilimpigia simu afisa wa uvuvi kabla ya kwenda. Aliniuliza maswali mawili: bwawa ni la nani, na je, maji yake yanamwagikia mtoni? Lilikuwa la mzee, na halikumwagikia popote. Akatutakia siku njema.

Tulikwenda Jumamosi ya mwisho ya likizo, dada yangu akiwamo. Mzee alituwekea sharti moja: mtu yeyote asisimame upande wa pili wa bwawa. Nyuma ya mshale tukafunga uzi wenye chupa tupu ya plastiki, ili usipotee.

Mshale wa kwanza ulipita juu ya mgongo wa samaki. Wa pili na wa tatu vivyo hivyo. Maji hupinda mwanga, kwa hiyo samaki huonekana yuko juu kuliko alipo. "Lenga chini yake," nikamwambia, "pale ambapo unaona hayupo." Alininung'unikia. Wa nne nao ukakosa. Wa tano aliulenga chini kabisa ya tumbo, na ile chupa ikaanza kukimbia juu ya maji kama bata.

Mzee alimpima kwenye mizani yake ya mahindi: kilo mbili na kitu. Dada yangu alimpasua, akamloweka katika chumvi na ndimu ili harufu ya tope imtoke, kisha akamchanja chanjo za karibu karibu ubavuni kabla ya kumkaanga, kwa kuwa kapu ana vijimifupa vingi vilivyogawanyika kama uma. Mdogo mtu alichambuliwa minofu kwa mkono. Yule mwindaji alikula mkia peke yake, polepole, bila kumgawia mtu.

Wakati wa kuondoka mzee alimwambia kwamba wamebaki wanne au watano, na kwamba Desemba si mbali. Uta ungali kwangu, umening'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Kila Jumapili akija kunisalimu huutazama kwanza, ndipo anipe mkono.