«Unasali mara ngapi?» Kitenzi kimoja ndani ya kipimo cha dini

Mtu wa Kakontwe, hapa Likasi, akimwuliza jirani mpya «Unasali wapi?», hangojei jibu la «chumbani». Anataka kujua kanisa lake: Katolika, Metodiste, au mojawapo ya makanisa ya uamsho. Sisi wa Katanga hatuhitaji kuelezwa jambo hilo. Lakini hojaji nyingi za kupima dini zilitungwa mbali na hapa, na wengi wetu tunazitafsiri kwa ajili ya kazi za mwisho wa masomo bila kukiangalia vizuri kitenzi hicho.

Tuchukue kipimo kimoja kinachotumika sana. Mwaka 1997 Harold Koenig na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa hojaji fupi yenye maswali matano. La kwanza linauliza mtu anakwenda kanisani au kwenye mikutano ya dini mara ngapi. La pili linahusu ibada ya faragha: sala, kutafakari, kusoma Biblia. Yote mawili yana alama kuanzia 1 hadi 6. Matatu ya mwisho, yenye alama 1 hadi 5, yanauliza dini inavyoongoza maisha ya mtu. Maana yake, kipimo kinatenganisha yale yanayoonekana na watu na yale yanayobaki kati ya mtu na Mungu wake.

Sasa tumfikirie mama mmoja wa Kakontwe. Anapiga magoti kila alfajiri na kila usiku, na anakwenda kanisani Jumatano na Jumapili. Swali la pili likitafsiriwa «Unasali mara ngapi?», atajibu kwa unyofu: «Mara mbili kwa juma.» Jibu hilo lina alama 4. Angeulizwa juu ya maombi yake ya nyumbani, angepata 6, kwa sababu ni zaidi ya mara moja kwa siku. Hakudanganya, wala hakukosa kuelewa. Swali lenyewe limehesabu kanisa mara mbili na kuacha nyumba bila kuhesabiwa.

Tangu Richard Brislin alipoandika juu yake mwaka 1970, njia inayojulikana ya kukagua tafsiri ni kumpa mtu wa pili airudishe katika lugha ya kwanza, kisha kulinganisha. Ni njia nzuri, lakini hapa haitusaidii. «Kusali» kitarudi salama kabisa, kwa kuwa kamusi inakubali, na Kifaransa chetu cha Kongo nacho kimezoea kuuliza mtu anasali wapi kwa maana ileile ya kanisa. Kosa linapita mpakani likiwa na karatasi zote.

Mtego wa pili uko katika sarufi. Katika Kiswahili bora, kiambishi hu- huonyesha mazoea; tena hu- ni kanusho la nafsi ya pili umoja. Kwa vitenzi vya asili ya Kibantu, irabu ya mwisho inatuokoa: «huomba» ni mazoea, «huombi» ni kanusho. Lakini vitenzi vingi vya dini vilitoka Kiarabu na havibadilishi irabu hiyo: kusali, kuamini, kutubu, kusujudu. Kwa hiyo «wewe huamini» inaweza kuwa «una desturi ya kuamini» au «huna imani». Mtu aliyesikia kanusho akijibu «hapana», yaani «si kweli, naamini», ataandikwa miongoni mwa wasioamini. Mtaani kwetu mazoea yanaonyeshwa kwa -aka, kama katika «anaendaka», na hu- ya mazoea tunaikuta zaidi vitabuni. Hatari ni kubwa zaidi kwetu.

Hata jina la kinachopimwa lina shida. Tukiunda «udini» kutoka «dini», msomaji wa Tanzania ataelewa ubaguzi wa kidini. «Uchaji» unakaribia zaidi, ingawa unaelemea upande wa Kikristo.

Tena kuna yale ambayo hojaji haiulizi kabisa. Katika miaka ya 1950, padri Mbelgiji Placide Tempels alianzisha Jamaa katika eneo la Kolwezi. Johannes Fabian aliiandikia kitabu mwaka 1971. Wanajamaa walikuwa Wakatoliki waliohudhuria Misa ileile pamoja na majirani zao. Kiini cha mafundisho yao kilikuwa uzima, uzazi na mapendo, na mume na mke waliyaishi pamoja. Ukihesabu Misa tu, Mwanajamaa na jirani yake wanapata alama moja.

Tufanye nini basi? Kabla ya kugawa hojaji mia, tuketi na watu wachache wa mahali husika, tuwasomee kila swali, tuwaombe waliseme upya kwa maneno yao na watoe mfano. Mama yule akisema «yaani, ninaendaka kanisa mara ngapi», tumeshajua la kusahihisha: «Ukiwa peke yako nyumbani, unaongeaka na Mungu mara ngapi?» Mtaalamu wa takwimu hawezi kulisahihisha kosa hilo baadaye, kwani tarakimu 4 haionyeshi swali lilisikika namna gani. Kazi hiyo ni yetu sisi wa lugha, nayo inafanyika kabla ya hesabu kuanza.