Lugha Mbili katika Faili Moja

Kompaila ya lugha ya C, pamoja na uhodari wake wote, haijui jedwali la hifadhidata ni kitu gani. Inazijua nambari na herufi na anwani za kumbukumbu. Walakini mwandishi wa programu akiiandikia, katikati ya amri zake, kwamba anataka salio la akaunti fulani lililohifadhiwa katika mashine ya benki, itasimama papo hapo na kuikataa faili. Kwa sababu hiyo wataalamu walipotaka kuziweka pamoja lugha mbili, ile ya kuhesabu na kuamua na ile ya kuuliza hifadhidata, yaani SQL, hapakuwa na budi kuitanguliza programu nyingine mbele ya kompaila, iisome faili kwanza, ikiondoe kila kilicho kigeni, na kuweka mahali pake maneno ambayo kompaila itayaridhia.

Asili ya utaratibu huu ni maabara ya IBM huko San Jose, California. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi hapo, alichapisha makala iliyopendekeza kwamba data zipangwe katika majedwali, na mwenye kuuliza aseme anachokitaka tu, bila ya kueleza njia ya kukifikia. Na mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakaitangaza lugha ya SEQUEL, ambayo baadaye jina lake lilifupishwa likawa SQL. Wapinzani hawakukosa hoja: ikiwa mashine ndiyo itakayoitafuta njia, na kuitafuta upya kila inapoulizwa, kazi yenye miamala mingi itakwama. Jawabu la hoja hiyo lilitoka kwa Raymond Lorie, mmoja wa watafiti wa System R, hifadhidata ya majaribio ya maabara hiyo, aliyeonyesha kwamba swali la SQL, hata liwe tata namna gani, laweza kujengwa kwa vipande vichache vya lugha ya mashine vilivyowekwa tayari katika maktaba, ili taabu yote ya kulisoma swali, kulihakiki na kulichagulia njia imalizike mara moja, kabla programu haijaanza kutumika. Rai yangu ni kwamba fikra hii haikupata sifa inayostahili. Na kwa kuwa njia iliyochaguliwa yaweza kutegemea faharasa ambayo kesho itafutwa, System R iliweka kumbukumbu ya kila kilichotegemewa. Faharasa ikiondolewa, kazi iliyokwisha kutungwa ilihesabiwa kuwa batili, na programu ilipoitwa tena mashine iliitunga upya yenyewe.

Anayetaka kuyaona mambo haya kwa macho yake hahitaji mashine ya benki. PostgreSQL, hifadhidata itolewayo bure, ina programu tangulizi iitwayo ecpg. Tuseme faili yetu ni salio.pgc, na ndani yake mna mstari huu:

EXEC SQL SELECT salio INTO :kiasi FROM akaunti WHERE namba = :nambari;

Maneno EXEC SQL yanaitaarifu ecpg kwamba hapa lugha inabadilika, na nukta mbili zilizo mbele ya kiasi na nambari zaonyesha kwamba hivyo ni vigeu vya C. Tukitoa amri ya ecpg salio.pgc, tutapata faili mpya, salio.c, na mwenye kuifungua ataona kwamba mstari wake umegeuzwa kuwa mwito wa kazi iitwayo ECPGdo, iliyokabidhiwa swali zima kama maandishi matupu, na mahali pa kigeu cha nambari pamewekwa alama ya $1. Kompaila huipokea faili hiyo bila ya kunung'unika. Kisha yaja zamu ya linka, yaani programu inayouunganisha msimbo na maktaba zake, na hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama: hupewa taarifa kwamba ECPGdo haijulikani, nao hurudi kuisahihisha SQL yao isiyo na kosa lolote, ilhali kilichopungua ni neno moja, -lecpg, mwishoni mwa amri ya kuunganisha, la kuitaja maktaba ambamo kazi hiyo imo.

Lakini ecpg hailiulizi jedwali chochote. Mtu akikosea jina la safu, akaandika saliyo badala ya salio, faili yake itapita kwa ecpg, itapita kwa kompaila, itapita kwa linka, na kosa litadhihirika siku programu itakapoendeshwa. Na hata siku hiyo halitapiga kelele, bali litaandikwa katika sqlca.sqlcode, ambayo ni sifuri mambo yakiwa salama, 100 mstari usipopatikana, na nambari hasi kosa likitokea. Asiyeiangalia sqlcode huendelea na safari yake, na kigeu cha kiasi kikibaki na salio la mteja aliyetangulia! Dawa ya kosa la namna hiyo ipo, nayo ni kuandika mapema EXEC SQL WHENEVER SQLERROR STOP, na sioni udhuru wa kuiacha.

DB2 ya IBM, iliyotangazwa mwaka 1983 kwa mashine zake kubwa, ilichagua ukali zaidi. Programu yake tangulizi huigawa kazi mafungu mawili: msimbo wa COBOL au wa lugha nyingine, usio na SQL tena, ambao hupelekwa kwa kompaila na linka, na faili ya pili, iitwayo DBRM, yenye maswali peke yake, ambayo hupelekwa kwa hifadhidata kwa amri ya BIND, ihakikiwe, ichaguliwe njia, na ihifadhiwe. Hapo ndipo huamuliwa kama aliyetoa amri hiyo anayo ruhusa juu ya majedwali, na baadaye karani wa dirishani atahitaji ruhusa ya kuendesha kazi ile tu, pasipo haki yoyote juu ya jedwali lenyewe. Mafungu yote mawili hupigwa alama moja ya wakati. Mfano wake ni hati ya ndoa ya kadhi: nakala iliyomo daftarini na ile aliyopewa mume sharti zilingane, na zikitafautiana haitakubaliwa hata moja. Fundi akirekebisha programu, akaipeleka mpya kazini na kusahau BIND, DB2 itazilinganisha alama, ione tafauti, na kukataa kwa kosa la -818, ambalo wenye mashine hizo hulifahamu bila ya kufungua kitabu.

Waandishi wengi wa zama hizi wameuacha utaratibu huu. Huliunganisha swali kwa maandishi wakati programu inaendeshwa, na wasipokuwa waangalifu humpa mgeni nafasi ya kupenyeza amri zake ndani ya jina au nywila, jambo ambalo kigeu chenye nukta mbili hakiliruhusu, maana thamani yake haisomwi kamwe kama sehemu ya SQL. Hata hivyo fikra ya San Jose haikufa. Katika lugha ya Rust imo maktaba iitwayo sqlx, ambayo wakati wa kukompaili huiuliza hifadhidata yenyewe kama safu zilizotajwa zipo na ni za aina gani, na jina likikosewa, programu haikompailiki. Taabu yake ni kwamba hifadhidata sharti iwe hewani wakati huo, au majibu yake yawe yamehifadhiwa kabla katika faili zilizo kando ya msimbo. Na faili hizo, jedwali likibadilishwa, zinakuwa zimepitwa na wakati, hata ikabidi itungwe amri nyingine ya kuzikagua.