Kukaza nati za magurudumu

Kukaza nati za magurudumu ni kazi ya kubana gurudumu la gari kwenye habu baada ya kufunga tairi mpya, kuziba pancha au kutengeneza breki. Nati zikilegea, gurudumu linaweza kuchomoka gari likiwa katika mwendo. Zikikazwa kupita kiasi, bolti huharibika na huweza kukatika baadaye. Kwa hiyo watengenezaji wa magari hutaja kipimo cha kukazia katika kitabu cha gari.

Jinsi nati inavyoshika gurudumu

Nati inapokazwa huivuta bolti, nayo hurefuka kidogo sana kama springi. Bolti ikitaka kurudia urefu wake, huibana ringi kwenye habu. Msuguano kati ya ringi na habu ndio unaozuia ringi isiteleze gari linapofunga breki au kupita kwenye mashimo. Mbano ukipungua, ringi huanza kucheza, na bolti hupindwa huku na huku hadi chuma chake kichoke na kukatika.

Sehemu kubwa ya nguvu ya kukaza huishia katika msuguano wa hesi na wa kitako cha nati. Takriban sehemu moja kati ya kumi tu ndiyo inayoivuta bolti. Hivyo kutu au mchanga huweza kufanya nati ionekane imekaza ilhali haijabana vya kutosha. Kinyume chake, oili au grisi hupunguza msuguano, na nguvu ileile huivuta bolti kupita kiasi. Hesi husafishwa kwa brashi ya waya, wala hazipakwi mafuta isipokuwa kitabu cha gari kimeagiza hivyo.

Kipimo cha kukazia

Nguvu ya kukazia huitwa torki na hupimwa kwa nyutoni mita (Nm). Ni kani inayotumika ikizidishwa kwa urefu wa spana. Magari mengi madogo huhitaji kati ya Nm 80 na 140. Malori makubwa huweza kuhitaji Nm 600 au zaidi.

Kwa mfano, kani ya nyutoni 200 kwenye ncha ya spana ya nusu mita hutoa Nm 100. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya ncha hiyo hutoa takriban Nm 350, yaani zaidi ya mara mbili ya kipimo cha gari dogo. Kwa sababu hiyo si vizuri kupanda juu ya spana au kuiongezea bomba wakati wa kukaza. Chombo kinachofaa ni spana ya torki, ambayo huonyesha kipimo kinapofikiwa.

Hatua za kukaza

1. Kusafisha uso wa habu na wa ringi mahali vinapogusana.
2. Kuanza kila nati kwa vidole, ili hesi zisivukane. Nati yenye kitako cha mviringo wa pia huelekeza upande huo kwenye ringi.
3. Kukaza kiasi gari likiwa bado kwenye jeki, kwa kuruka nati. Zikiwa tano, mpangilio ni 1, 3, 5, 2, 4, ili ringi ikae sawasawa.
4. Kushusha gari, kisha kukaza hadi kipimo kwa mpangilio uleule.

Kukagua tena

Nati hukaguliwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa kuwa ringi, rangi na kutu hukaa vizuri zaidi gari likitembea, na mbano hupungua. Baadhi ya malori hufungwa vishale vya plastiki kwenye nati. Kishale kikigeuka, nati imezunguka.

Dalili za kulegea ni usukani kutetemeka, mlio wa kugonga, na michirizi ya kutu kutoka kwenye nati. Dereva akiziona husimama mahali salama. Tundu za ringi zikiwa zimepanuka au hesi zimelika, kukaza upya hakutoshi: sehemu hizo hubadilishwa.