Unga wa Karobu Badala ya Koko Kwenye Keki

Tumeulizwa mara kwa mara juu ya huu unga wa kahawia unaoitwa karobu. Mwaka 2024 mavuno ya kakao, yaani koko, yalikuwa mabaya kule Ghana na Ivory Coast, na bei ya tani moja ikapita dola 10,000 katika soko la dunia. Basi mama anayepika keki za kuuza akisikia kuna kitu kinafanana na koko, lazima ataka kujua.

Karobu si koko. Ni ganda la mti unaoota nchi za kando ya Bahari ya Mediterania, kama Hispania, Moroko, Kupro na Lebanoni. Wengi husema ndiyo yale maganda mwana mpotevu alitamani kushibia pamoja na nguruwe (Luka 15:16). Mbegu hutolewa, ganda likakaangwa na kusagwa. Ninyi wa Baringo msije mkafikiri ni mathenge. Ile nayo ina ganda tamu, lakini ni mti mwingine.

Sasa jikoni. Koko ni chungu na ina mafuta yake. Karobu ni tamu yenyewe, karibu nusu yake ni sukari, na mafuta hayapo karibu kabisa. Kwa hivyo ukiweka karobu mahali pa koko, kijiko kwa kijiko, ukaacha mengine vile yalivyokuwa, keki itakuwa tamu kupita kiasi, itakauka, na chini itaungua.

Sisi tungeanza hivi: vikombe 2 vya unga wa ngano ule unaofura wenyewe, vijiko vikubwa 4 vya karobu, sukari robo tatu ya kikombe badala ya kikombe kizima, majarini nusu kikombe na kijiko kimoja juu yake, mayai 2, na maziwa kama robo tatu ya kikombe. Karobu ichekeche pamoja na unga, maana ina mabonge.

Moto ndio wenye kazi. Kwa wale wa sufuria na makaa, chini weka makaa machache, mengi yakae juu ya kifuniko, na moto uwe mdogo kuliko ule wa keki ya koko. Sukari ya karobu hushika moto haraka, na ikiungua inakuwa chungu. Usiangalie rangi, kwa sababu keki ni ya kahawia tangu mwanzo. Baada ya dakika 35 hivi choma na kijiti. Kikitoka kikavu, epua.

Uzuri mmoja ni kwamba karobu haina kafeini, ile inayonyima watu usingizi. Mtoto aweza kula jioni bila taabu.

Lakini kuna jambo linalotutia wasiwasi. Wauzaji wengine husema ati hii ni keki ya wagonjwa wa sukari. Hapana! Tumeona hapo juu kwamba karobu yenyewe ina sukari, tena kuna ile uliyotia na ule unga wa ngano. Mgonjwa akila vipande viwili kwa kuamini neno lako, anaweza kuumia. Mwambieni mnunuzi wazi: hii ni karobu, ina sukari, wala si chokoleti. Ladha yake ni tofauti, na wengine hawataipenda.

Kuhusu pesa, msitoe akiba ya kikundi kununua mfuko mzima. Unga huu unatoka ng'ambo, na kwa duka la mjini waweza kukuta ni ghali kuliko koko. Nunueni pakiti moja ndogo, pikeni keki mbili siku moja, moja ya koko na moja ya karobu. Mweka hazina aandike gharama ya kila moja, pamoja na ile robo kikombe ya sukari iliyookolewa. Halafu wapeni majirani waonje bila kuwaambia ipi ni ipi.

Unga unaobaki uwekwe kwenye kopo kavu lenye kifuniko cha kubana. Ukiingia unyevu unashikana kama jiwe.