Ukiitwa na mwajiri, usibebe mzigo peke yako

Ndugu zetu wengi hapa Zongwe wakipokea barua ya kuitwa na mwajiri, hunyamaza kwa aibu. Huenda peke yao, hutia sahihi karatasi ya Kifaransa wasiyoielewa, kisha huja kanisani kutaka maombi wakati mambo yamekwisha.

Nehemia pia alikuwa na neno gumu la kumwambia bwana wake, mfalme Artashasta. Tangu Kisleu hata Nisani, miezi minne hivi, alingoja katika maombi. Lakini siku alipoulizwa anataka nini, jibu lilikuwa tayari: ruhusa ya muda maalum, barua kwa watawala, na miti ya kujengea. Aliogopa sana, na bado alisema. Aliomba, tena alijitayarisha.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Kwanza, tukusanye mkataba, karatasi za mshahara na barua zote, na tuandike tarehe za mambo yaliyotokea. Aliyekosa amwambie mshauri wake ukweli wote.

Pili, tujue sheria. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inakataza mwajiri kuvunja mkataba usio na mwisho pasipo sababu halali, naye lazima aiandike sababu hiyo. Pasipo kosa zito, anatoa taarifa ya angalau siku 14 za kazi, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Aliyetumika miaka 5 anahesabu siku 49.

Tatu, tutafute msaada kabla ya siku yenyewe. Tumwone delege wa sendika kazini, au mkaguzi wa kazi wa serikali. Ugomvi wa mfanyakazi mmoja haupokelewi kwenye mahakama ya kazi kabla ya kupitia upatanisho mbele ya mkaguzi huyo.

Tukiwa mkutanoni, tuseme kwa heshima, tuombe nakala, na tuombe muda wa kusoma kabla ya kutia sahihi.

Kanisa nalo lina kazi yake. Anayejua Kifaransa amsomee mwenzake. Wazee watunze siri. Na pale sisi wenyewe tunapoajiri walimu, wauguzi au walinzi, sheria hiyo inatuhusu pia. Tutawaombeaje walioonewa mahali pengine, huku tukiwafukuza wetu kwa neno la mdomo tu?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenye barua mkononi wiki hii, aje tuisome pamoja.